Kazi ya Mpuliza Tarumbeta katika Bendi ya Wimbi Jipya: Mwongozo kwa Mwanamuziki wa Dar es Salaam

Mpuliza tarumbeta anayejiunga na bendi ya wimbi jipya (new wave), yaani ule muziki wa magitaa makavu, besi inayokimbia na vinanda vya umeme uliochipuka Uingereza na Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, hugundua mapema kwamba sehemu kubwa ya usiku atakuwa amesimama jukwaani bila kupuliza chochote. Katika kibao cha dakika tatu na nusu huenda akawa na noti zinazohesabika, na noti hizo zikikosewa hakuna pa kuzificha, kwa kuwa zimewekwa mahali ambapo vyombo vingine vimepisha. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kijana wa Dar es Salaam ambaye tayari anajua kupuliza, labda kwa kulelewa katika kikundi cha tarumbeta cha kanisa au katika misafara ya harusi, na ambaye sasa anataka kuifanya kazi hii kwa miaka mingi. Rai yangu ni kwamba katika bendi ya aina hii pumzi kubwa haimfikishi mtu mbali peke yake. Anayedumu ni yule anayejua mahali pa kunyamaza, mwenye kazi ya pili ya kufanya jukwaani wakati amenyamaza, na ambaye makubaliano yake na bendi yameandikwa.

Nafasi ya tarumbeta katika muziki huu

Kabla ya kuomba kazi, ni vyema kusikiliza kwa makini jinsi wapulizaji wa mwanzo walivyotumika, maana hawakutumika kwa namna moja. Dexys Midnight Runners, bendi iliyoanzishwa Birmingham mwaka 1978, iliwaweka wapulizaji mbele kabisa, wakipuliza sauti moja kwa pamoja kama kikosi, kwa mtindo uliotokana na muziki wa soul wa Marekani. The Specials wa Coventry, waliofufua ska ya Jamaika, walimtumia Rico Rodriguez kwenye tromboni na Dick Cuthell kwenye koneti na flugelhoni, vyombo vya jamii ya tarumbeta, na hao wawili walipuliza polepole, kwa sauti ya chini yenye huzuni, huku mdundo ukirukaruka chini yao. The Teardrop Explodes wa Liverpool walipata mafanikio yao makubwa mwaka 1981 kwa wimbo ambao tarumbeta ndizo zinazoufungua na kuubeba. Kule Los Angeles, Oingo Boingo walikuwa na wapulizaji watatu, Dale Turner kwenye tarumbeta na wenzake wawili kwenye saksofoni, huku mmoja wao akipuliza ile kubwa ya baritoni, na kazi yao ilikuwa kukata muziki kwa vipande vifupi vikali vinavyofanana na alama za mkato katika sentensi.

Anayetoka katika muziki wa dansi atahisi tofauti mara moja. Katika dansi tulilolizoea kwa bendi za Msondo au Sikinde, wapulizaji wana shamba pana: wanafungua wimbo, wanaingia kati ya ubeti na ubeti, kisha chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchangamka, likifika wanapata nafasi ya kurudia mzunguko mmoja mpaka wachezaji watosheke, na wimbo unaweza kuvuka dakika nane bila mtu kulalamika. Wimbi jipya halina chemko. Wimbo huanza ukiwa umeshachangamka, hukaa katika mwendo huohuo, na huisha ghafla. Mpulizaji anayengoja muziki upande ndipo aoneshe ujuzi wake ataukuta umekwisha. Hata hivyo malezi ya dansi yana faida moja kubwa ambayo wapulizaji wengi wa Ulaya wangeitamani, nayo ni uzoefu wa kutunga vipande vya matarumbeta papo hapo, mazoezini, bila karatasi, kwa kumsikiliza mpiga solo na kumjibu.

Kuchagua na kutunza chombo

Wapulizaji wengi wa mjini wanaanza na tarumbeta lililokwisha kutumika, na hakuna ubaya wowote katika hilo iwapo ukaguzi unafanywa kabla fedha haijatoka mfukoni. Chomoa mrija mdogo wa vali ya pili huku ukiwa hujabonyeza kitu. Usiposikia mlio mdogo wa hewa kama kizibo kinachofunguka, ama vali zimelika, ama kuna pengo mahali fulani, na chombo cha namna hiyo kitakuchosha midomo kabla ya saa sita usiku. Tazama mrija wa kwanza, ule unaotoka kwenye kipande cha mdomo: madoadoa yenye rangi ya waridi ni dalili kwamba shaba inaliwa kutoka ndani, na ugonjwa huo hauna dawa ya bei nafuu. Mbonyeo kwenye kengele ya tarumbeta unaudhi macho tu, lakini mbonyeo kwenye mrija wa kwanza huharibu sauti. Kwa kipande cha mdomo, namba 7C ya Bach au kinacholingana nacho kinatosha kuanzia. Vile vyenye kikombe kifupi sana, ambavyo husifiwa kwa kurahisisha noti za juu, vinafaa kungoja mpaka midomo ikomae.

Jasho, vumbi na hewa ya chumvi ya pwani yetu haviipendi shaba. Osha chombo angalau mara moja kwa mwezi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kamwe si kwa maji ya moto, kwa sababu yataondoa rangi ya nje; pitisha brashi ndani ya mirija, kausha, paka vali mafuta yake maalumu na mirija ya kurekebishia grisi. Mafuta ya cherehani, ambayo watu hukimbilia yale ya vali yanapokosekana, hugandisha vali baada ya muda.

Funguo za gitaa

Hapa ndipo vijana wengi waliolelewa vizuri kanisani wanapokwama, na ndiyo maana nitakaa hapa kwa muda mrefu kidogo. Tarumbeta la kawaida ni la B flati: ukipuliza noti unayoiita C, kinachosikika kwenye kinanda ni B flati. Vikundi vya tarumbeta vya makanisa, hasa vya Kilutheri na vya Kimoravian ambavyo vimelea wapulizaji wengi nchini, hupiga nyimbo nyingi katika funguo za flati, ambazo kwa vali ni nyepesi na kwa midomo ni za kirafiki. Mpiga gitaa, kwa upande wake, anapenda E, A, D na G, kwa kuwa nyuzi zake zilizo wazi zinaangukia humo, na muziki wa wimbi jipya umejengwa juu ya nyuzi hizo zilizo wazi.

Bendi ikipiga katika E, wewe unapaswa kupuliza katika F shapu, ufunguo wenye shapu sita. Ikipiga katika A, wewe uko kwenye B, shapu tano. Katika D uko kwenye E, shapu nne. Na katika G, ambao kwako utakuwa pumziko, uko kwenye A wenye shapu tatu. Mtu anayezijua C, F na B flati pekee atababaika katika nusu ya nyimbo za usiku, na mbaya zaidi atamwomba kiongozi wa bendi ahamishe wimbo kwa ajili yake. Kiongozi anaweza kukubali mara moja kwa adabu, na wiki inayofuata ukakuta nafasi yako imechukuliwa na kinanda.

Dawa yake ni ya kawaida nayo haina njia ya mkato. Kila siku, baada ya kupasha midomo kwa noti ndefu, puliza skeli za F shapu, B na E polepole sana, pigo moja kwa sekunde, ukipanda na kushuka, kisha zivunje katika vipande vya noti tatutatu. Zikishanyooka ongeza mwendo kidogo kidogo, na usiongeze kamwe siku ambayo bado unakosea. Kuna jambo moja la ziada ambalo funguo hizi hulileta mbele: zina C shapu ya chini, noti inayobonyezwa vali zote tatu, ambayo kwa maumbile ya tarumbeta hutoka juu kuliko inavyotakiwa. D ya chini, yenye vali ya kwanza na ya tatu, ina kasoro ileile kwa kiasi kidogo. Mrija wa vali ya tatu umewekewa pete ya kidole kwa ajili hiyohiyo, nao unapaswa kusukumwa nje kila noti hizo zinapopita. Katika F shapu, C shapu ni noti ya tano, mojawapo ya nguzo za ufunguo wote, na ikipanda utasikika kama mtu asiyeimba pamoja na wenzake hata kama noti nyingine zote ni safi.

Joto la mjini na vinanda visivyojali joto

Hewa ya moto huifanya sauti ya tarumbeta ipande. Kwa hesabu ya fizikia, kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka katika hewa ya ndani ya chombo hupandisha sauti kwa takriban sehemu tatu kati ya mia za nusu toni, na kwa hiyo tofauti ya nyuzi kumi inakaribia theluthi ya nusu toni. Pumzi ya mpulizaji inapunguza tofauti hiyo kwa kuwa nayo ina joto lake, lakini inayobaki inatosha kabisa kusikika. Jambo hili lina uzito Dar es Salaam, ambako mwanamuziki anaweza kupiga Ijumaa katika ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi kikali na Jumamosi katika bustani ya wazi mwezi wa Februari. Kinanda hakihami kutoka mitetemo yake 440 kwa sekunde ya noti A, na gitaa linafuata kinanda. Wa kuhama ni wewe.

Basi fika mapema, puliza dakika kumi mpaka chombo kipate joto la mahali penyewe, ndipo uombe noti kutoka kwenye kinanda. Usirekebishe chombo kikiwa baridi kwa programu ya simu na kuamini kwamba umemaliza. Ukipiga nje, vuta mrija mkuu zaidi kuliko ulivyozoea. Ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi, pumulia chombo taratibu bila kutoa sauti wakati wa mapumziko yako marefu, la sivyo utaingia kwenye kiitikio ukiwa chini ya wenzako. Watu wa mahotelini hupenda kuiweka bendi chini ya mdomo wa kiyoyozi, sijui kwa nini. Ukiona hivyo, omba kwa heshima kusogea hatua mbili.

Kutunga vipande na kuishi na mpiga kinanda

Kanuni ya kwanza ni kutompulizia mwimbaji juu ya maneno yake. Tafuta mahali anapovuta pumzi, mwishoni mwa mstari, uweke hapo jibu lisilozidi mapigo manane. Jibu hilo liwe na umbo ambalo msikilizaji anaweza kulipiga mluzi akiwa anangoja daladala, na lirudi vilevile kila ubeti. Ukilibadilisha kila mara kwa kutaka kuonesha maarifa, wimbo utapoteza sura yake. Ulimi uwe mkavu na wa haraka. Wapulizaji wa dansi huvuta noti na kuziteleza, jambo ambalo ni zuri mahali pake, lakini hapa noti inakatwa mwisho wake kwa uangalifu uleule inaoanzishwa nao. Kwa vipande vya kasi, zoea kugonga ulimi mara mbili, ta-ka-ta-ka, mpaka «ka» iwe na nguvu sawa na «ta».

Usiandike kipande chako karibu na kilele cha uwezo wako. Noti ya juu unayoipata asubuhi nyumbani si mali yako saa saba ya usiku baada ya seti mbili, kwa hiyo kata toni mbili au tatu kutoka kwenye kilele hicho na ufanye kazi chini ya hapo.

Ukiwa na wapulizaji wenzako, tarumbeta na saksofoni ya tena vikipuliza noti zilezile pamoja vinatoa sauti yenye ubavu kuliko vikigawana noti tofauti, na mgawanyo ubaki kwa kiitikio. Saksofoni ya baritoni ni adimu mjini. Badala ya kuisaka, mtafute mpiga tromboni au yufonia, chombo cha shaba cha sauti nzito, kutoka kanisani, maana wapo wengi na kusoma noti wanajua. Jeshi la Wokovu pale Mgulani na vikundi vya sharika za KKKT ni mahali pazuri pa kuulizia, ilimradi uheshimu kwamba Jumapili asubuhi mtu huyo ana wajibu wake.

Mpinzani wako halisi ni kinanda. Mwaka 1983 Yamaha walitoa sintesaiza yao ya DX7, na sauti za bandia za matarumbeta zikaenea katika muziki wa dunia nzima. Kwetu pia, bendi nyingi zilizozaliwa kuanzia miaka ya 1990 zilianza bila wapulizaji kabisa, kwa kuwa kinanda kimoja kilimgharimu mwenye bendi kidogo kuliko watu watatu wa kulipwa, kulishwa na kusafirishwa. Kugombana na mpiga kinanda hakusaidii. Mwombe apige sauti mbili za chini kwa ile sauti yake ya shaba, laini na bila mshituko mwanzoni, huku wewe ukikaa juu na noti kuu. Sikio la msikilizaji hushika kile kilicho juu, na likishasadiki kwamba cha juu ni tarumbeta la kweli, linayakubali na yaliyo chini. Kwa njia hiyo mtu mmoja anasikika kama watatu, na mwenye bendi anajua kwamba ukiondoka sauti yote ya shaba inaondoka nawe.

Kazi ya pili jukwaani

Kwa kuwa utanyamaza muda mrefu, jaza muda huo kwa kitu kinachosikika. Bendi ya Fishbone ya Los Angeles ni mfano mzuri: Walter Kibby alipuliza tarumbeta na kuimba, na Chris Dowd alishika vinanda na tromboni. Hapa kwetu, kazi za pili zinazotakiwa zaidi ni kuitikia, tumba, manyanga na kinanda cha pili. Kuitikia ndiko kunakokuweka karibu na kipaza sauti na kwa hiyo karibu na macho ya watu, lakini kuna gharama yake, kwani koo lililokaza kwa kuimba kwa nguvu hukaza na pumzi. Imba sauti ya katikati na uache mapigo machache ya kumeza mate kabla ya kuinua chombo. Tumba haisumbui midomo, lakini usipige nyimbo tatu mfululizo kabla ya kipande kigumu, maana mikono inayotetemeka haibonyezi vali vizuri.

Aliyezoea kucheza ataombwa acheze. Fanya hivyo, lakini tarumbeta likiwa mbali na meno yako.

Kupata nafasi

Bendi zinazopiga muziki huu Dar es Salaam ni chache, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kopi za nyimbo za miaka ya 1980 kwa wageni na wenyeji wa hoteli na baa za Masaki, Oysterbay na Msasani, pamoja na sherehe za kampuni. Pembeni yao wako vijana wanaotunga nyimbo zao wenyewe na kuchanganya sauti hizo na mdundo wa kwetu. Hao utawakuta zaidi katika maonesho ya Nafasi Art Space pale Mikocheni, Alliance Française na Goethe-Institut. Kundi la kwanza lina fedha ya kila wiki. La pili lina nafasi ya kukufikisha kwenye matamasha, likiwemo Sauti za Busara linalofanyika Zanzibar tangu 2004. Nashauri kushika yote mawili kadiri unavyoweza, na kutoacha harusi wala kanisa katika miaka ya mwanzo, kwa sababu hakuna bendi ya wimbi jipya mjini humu itakayokulipia kodi ya nyumba peke yake.

Usimpigie simu kiongozi wa bendi usiyemjua ukaanza kujisifu. Nenda ukawatazame, kaa mpaka mwisho, usaidie hata kukunja nyaya ukiruhusiwa, kisha mwendee kiongozi wakati vyombo vinafungwa, umwamkie kadiri ya umri wake, shikamoo kama ni mkubwa wako, ujitambulishe kwa jina, kwa chombo na kwa jina la mtu aliyekufundisha. Jina la mwalimu hufungua milango ambayo kipaji hakijapata nafasi ya kuigonga. Omba kufika mazoezini. Usiombe kupanda jukwaani usiku huohuo, na usipande ukiitwa na mlevi wa mezani badala ya kiongozi mwenyewe. Siku ya mazoezi fika ukiwa umeshazipata kwa sikio nyimbo walizozipiga, pamoja na funguo zake. Mtu wa pili wa kufahamiana naye mapema ni fundi mitambo. Mwambie mapema kwamba utapuliza kengele ikiwa umbali wa shubiri moja hivi kutoka kwenye kipaza sauti, na ushikilie umbali huo, kwa sababu anayesogea mbele na kurudi nyuma humlazimisha fundi amshushe sauti moja kwa moja.

Malipo na maandishi

Zamani bendi nyingi kubwa za mjini zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, na ndiyo maana ikaitwa DDC Mlimani Park, ile tunayoiita Sikinde. Mwanamuziki wa wakati huo alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mpulizaji wa leo anajitegemea: chombo ni chake, na analipwa kwa shoo. Kwa hiyo kila alichokuwa akikibeba mwajiri sasa kimo mabegani mwake, na lazima kiingie katika bei anayoitaja.

Kabla ya shoo ya kwanza, pateni maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja au ujumbe wa simu uliokubaliwa na pande zote mbili. Yataje kiasi cha malipo na siku ya kulipa, idadi ya seti, nauli ya kurudi usiku ambapo daladala zimekwisha, chakula, na kitakachotokea shoo ikifutwa siku hiyohiyo. Yataje pia fedha za kutunzwa jukwaani, kwamba zinagawanywa au ni za aliyetunzwa. Jambo hili dogo limevunja bendi nyingi kuliko wivu.

Kisha kuna suala la nani ametunga. Katika dansi ilikuwa desturi mtunzi kuleta maneno na sauti ya kuimba, na kila mwenye chombo kujitungia sehemu yake, wapulizaji wakikaa pembeni na kutoka na vipande vyao. Wimbo ukiandikishwa, jina lilikuwa moja. Katika wimbi jipya, ambako kipande cha tarumbeta mara nyingine ndicho kinachotambulisha wimbo mzima, kukaa kimya kuhusu jambo hilo ni kujinyima. Jadilianeni mapema, wimbo ungali mpya na haujaleta fedha, ni sehemu gani ya utunzi inayokuhusu, na mwandike hivyo wakati wa kuusajili COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua pia mpigaji kwa upigaji wake, kando ya mtunzi, na ukialikwa studio kurekodi kwa malipo ya mara moja ni vizuri karatasi iseme wazi kwamba malipo hayo yanahusu kurekodi tu au yanahusu na haki hizo. Usajili wa msanii BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, nao ufanye mapema, kwa kuwa mwenye ukumbi au mwandaaji makini atauulizia.

Midomo, masikio na usingizi

Pumzika kwa muda sawa na uliopuliza. Dakika ishirini za mazoezi zifuatwe na dakika ishirini za kukaa, na saa moja na nusu kwa siku iliyogawanywa hivyo inafaa kuliko saa tatu za mfululizo. Midomo ikivimba baada ya shoo, siku inayofuata puliza noti za chini tu, kwa sauti ndogo. Usikandamize chombo kwenye meno kutafuta noti ya juu, kwani misuli ya pembeni mwa mdomo ndiyo inayotakiwa kufanya kazi hiyo. Kwa wakazi wa Sinza, Manzese au Kinondoni ambako ukuta wa jirani uko hatua moja, kizibo cha mazoezi kinachotiwa kwenye kengele kinaokoa ujirani, lakini kinabadilisha uzito wa pumzi na huzifanya noti zipande, kwa hiyo tafuta angalau siku mbili kwa wiki za kupuliza wazi, kanisani baada ya ibada au ufukweni alfajiri.

Simama mbali na visahani vya drams. Vizibo vya masikio ni vya bei ndogo kuliko sikio, na mpulizaji asiyesikia vizuri hawezi tena kuoana sauti na mwenzake.

Mbadala wako

Bendi za wimbi jipya kwa kawaida hazikai sana, na hata zile zilizodumu hufika mwisho: Oingo Boingo walifunga kazi kwa shoo ya tarehe 31 Oktoba 1995, baada ya takriban miaka kumi na sita chini ya jina hilo. Kazi ya mpulizaji basi hupita katika bendi nyingi, na ratiba zake zitagongana. Siku utakayoitwa Zanzibar huku hoteli ikikungoja Masaki, utahitaji mtu wa kukushikia nafasi, na namna utakavyompata ndiyo itakayoamua kama utarudi. Mchague mwenyewe, mtaje kwa kiongozi mapema, na mlipe kiasi kilekile ambacho ungelipwa wewe, bila kumkata.

Mwandikie sehemu zote za nyimbo katika daftari moja, kila wimbo ukiwa na ufunguo wa bendi na ufunguo wa tarumbeta vikiwa vimeandikwa juu, idadi ya mapigo ya kunyamaza kabla ya kila kipande, na maneno ya mwisho ya mwimbaji kabla hujaingia, ili mgeni asitegemee kuhesabu peke yake. Weka alama mahali unapoitikia au kupiga tumba. Mpe daftari hilo siku tatu kabla, pamoja na rekodi ya simu ya shoo ya karibuni. Nakala ya pili ibaki nyumbani kwako, kwa sababu daftari la kwanza halitarudi.